Land Cruiser 79 yenye injini ya 1HZ: nifunge tabo au nibadilishe injini nzima?

MpandaKitonga (mwanzisha mada)

Wakuu, salamu kwenu nyote. Ninamiliki pikapu ya Land Cruiser HZJ79 ya mwaka 2008, kabini moja, yenye injini ya dizeli ya 1HZ ambayo haina tabo (turbo, feni inayosukuma hewa ya ziada ndani ya injini), na odomita inasoma kilomita 312,000. Ninaitumia kushusha parachichi na viazi kutoka Njombe hadi Dar es Salaam, na wakati wa kurudi ninabeba pampu za maji na mabomba ya umwagiliaji, mzigo ambao kwa kawaida unakaribia tani moja.

Anayelijua gari hili anajua kwamba halichoki, ila halikimbii. Tambarare ya Mikumi silalamiki. Taabu inaanza kwenye mlima wa Kitonga, ambapo ninashuka hadi gia ya pili, moshi mweusi unatoka, sindano ya joto inaanza kusogea, na malori ambayo niliyapita tangu Morogoro yananifikia tena moja baada ya jingine. Kabla hamjanigombeza, siombi kuyapita malori kwenye zile kona. Ninaomba tu niache kuwa kizuizi kwao. Nikishafika nyumbani Njombe, hata bila mzigo, gari linakuwa zito kuliko lilivyokuwa Pwani.

Nimeuliza mafundi watatu na nimepata majibu matatu. Wa kwanza anataka kunifungia tabo ya mtumba aina ya CT26, afungue skrubu ya mafuta kwenye pampu, na anasema kazi itamalizika kwa siku mbili. Wa pili anasema niachane na 1HZ, nitafute 1HD-T kamili, injini ya dizeli ya Toyota iliyotoka kiwandani na tabo, kutoka Japani. Wa tatu anasema niweke V8 ya 1VD. Bajeti yangu haivuki milioni 15 za Kitanzania, na ninataka gari ambalo litaendelea kufanya kazi kwa miaka mingine kumi. Naomba ushauri wa watu waliokwishafanya kazi hii kwa mikono yao.

---

PampuNaNozeli

Mkuu, mimi ni fundi wa pampu za dizeli, na kabla sijagusa habari ya tabo ninaomba tukubaliane juu ya jambo moja, kwa sababu ndilo linalowaponza wengi: tabo yenyewe haizalishi nguvu, inaleta hewa tu. Nguvu inatoka kwenye dizeli, na dizeli inatoka kwenye pampu. Fundi anayekuambia habari ya tabo kwa saa nzima na habari ya pampu kwa sentensi moja, kwamba atafungua skrubu, hajakueleza sehemu ya kazi ambayo ndiyo itakayoamua kama injini itaishi au itakufa.

1HZ ilitoka kiwandani na sentimita za ujazo 4,164, kilowati 96, na nguvu ya mzunguko ya nyutoni mita 285 kwenye mizunguko 2,200 kwa dakika. Namba hizo ni za hewa ya usawa wa bahari. Njombe inakaribia mita 2,000, na kwenye kimo hicho kanieneo ya hewa imepungua kwa zaidi ya sehemu moja ya tano, kwa hiyo kilowati zako 96 zinabaki kama 75 hivi. Pampu nayo, kama haina kifaa cha kupunguza dizeli kulingana na kimo au kama kifaa hicho kimekufa, inaendelea kumwaga kipimo kilekile cha Dar es Salaam ndani ya hewa iliyopungua. Huo ndio moshi mweusi unaouona, na huo ndio uzito unaousikia ukiwa nyumbani. Kwa mtu wa Nyanda za Juu, basi, tabo si anasa. Kwa sehemu kubwa ni kurudisha kile ambacho mlima umekunyang'anya.

Sasa tuje kwenye hatari. Injini ya 1HZ haipulizi dizeli moja kwa moja juu ya pistoni. Inapuliza kwenye chumba kidogo kilichomo ndani ya silinda hedi, moto unaanzia humo, halafu unatoka kwa kasi kupitia tundu jembamba. Mgandamizo wake ni 22.4 kwa 1, ambao ni mkubwa sana kwa injini ya kufungwa tabo, ukilinganisha na 18.6 kwa 1 wa 1HD-T ambayo kiwanda chenyewe kiliifunga tabo. Maana yake ni kwamba joto la ziada unaloliongeza linakaa kwenye hedi, hasa kwenye vile vyumba vidogo na kwenye kijisehemu cha chuma kati ya vali mbili. Nimefungua hedi za 1HZ zilizopasuka mahali hapo hapo mara nyingi kiasi kwamba siku hizi ninatazama hapo kwanza, na karibu zote zilikuwa na historia ileile: tabo ya mtumba, skrubu iliyofunguliwa kwa kusikiliza mlio, na dashibodi isiyo na geji hata moja.

Kwa hiyo, ukiniuliza mimi, kitu cha kwanza cha kununua ni geji ya joto la ekzosi, na tabo inakuja baadaye. Kitambuzi chake kiwekwe kwenye manifoldi kabla ya tabo, kwa sababu gesi ikishapita kwenye tabo inakuwa imepoteza joto jingi, na unapopanda mlima na mzigo tofauti hiyo inaweza kuzidi nyuzi 100. Kwa 1HZ mimi sipitishi nyuzi 650 kabla ya tabo kwenye mlima mrefu. Nikiona sindano inakaribia hapo ninapunguza mguu au ninashusha gia. Wapo wanaokwenda 700 na zaidi na wanajivunia. Hedi zao ndizo zinazotulisha sisi.

Kuhusu presha ya tabo, bar 0.5 inakutosha. Angalia hesabu yake, maana watu wengi hawaifanyi. Geji ya presha inaonyesha kiasi kilichozidi hewa ya mahali ulipo. Dar es Salaam, bar 0.5 juu ya bar 1 ni uwiano wa 1.5. Njombe, bar 0.5 juu ya bar 0.8 ni uwiano wa zaidi ya 1.6, yaani tabo inalazimika kuzunguka kwa kasi zaidi na kuipasha hewa joto zaidi ili sindano isome namba ileile. Ukichagua tabo kwa kutazama gari la mtu wa Tanga, utakuwa umechagua tabo ya Tanga. Kwa uwiano huo, hewa yenye nyuzi 25 inatoka kwenye tabo ikiwa na nyuzi 85 hadi 90, na ndiyo sababu ninapendekeza intakula (kipoza hewa inayotoka kwenye tabo) hata kwa presha ndogo hivyo.

Ukubwa wa tabo uendane na mahali unapofanyia kazi. Injini ya lita 4.2 kwenye mizunguko 3,600, kwa presha hiyo, inavuta takriban kilo 8 hadi 9 za hewa kwa dakika; kwenye mizunguko 2,000, ambako wewe unahangaika Kitonga, inavuta nusu yake. Tabo kubwa itakuwa inaamka wakati wewe umeshabadilisha gia. Chukua ndogo ambayo imejaa ifikapo mizunguko 1,800, na usitamani ile ya rafiki yako yenye mdomo mpana.

Pampu iletwe kwenye benchi, ifungwe kifuniko chenye kiwambo kinachosoma presha ya tabo, kama kile kilicho kwenye pampu ya 1HD-T. Kazi yake ni kuruhusu dizeli ya ziada pale tu hewa ya ziada inapokuwa imefika. Skrubu peke yake inamwaga dizeli wakati wote, hata tabo ikiwa bado imelala.

---

Mlango_wa_Nyuma

Natokea Nakuru, ambako tupo juu ya mita 1,800, kwa hivyo maumivu ya Mkuu ninayajua. Ninaheshimu maelezo ya fundi hapo juu, lakini mimi nilifanya yote mawili, kufunga tabo na kubadilisha injini, kwenye gari moja, na ninaona ni vizuri nieleze yaliyonipata.

Mwaka wa kwanza nilifunga tabo kwenye 1HZ yangu. Gereji iliyonifanyia kazi, ambayo sitaitaja, iliunganisha bomba la kurudisha oili kutoka kwenye tabo likiwa na kona iliyopanda juu kidogo kabla ya kushuka kwenye sampu, yaani karai la oili chini ya injini. Oili ya tabo hairudi kwa kusukumwa, inarudi kwa uzito wake tu, na ikikuta kilima inarundikana na kutafuta njia nyingine kupitia kwenye sili. Baada ya miezi minne nilikuwa natoa moshi wa samawati na kila mtu aliniambia pistoni zimekwisha. Kumbe ilikuwa bomba. Lilipowekwa sawa, gari lilikwenda vizuri kwa muda wa miaka miwili, nikiendesha kwa kutazama geji kama daktari anavyotazama mgonjwa. Hilo ndilo lililonichosha: nguvu ilikuwapo, lakini kila mlima ulikuwa mazungumzo kati yangu na sindano.

Nikaingiza 1HD-T. Ujazo ni uleule, silinda ni zilezile za milimita 94 kwa 100 (kipenyo kwa mwendo wa pistoni), na inakaa kwenye viti vilevile vya injini na kushika gia boksi ileile, jambo ambalo V8 haiwezi kukupa hata ukiota. Inapuliza dizeli moja kwa moja juu ya pistoni, kwa hivyo inakula kidogo kuliko 1HZ kwa kazi ileile, na ilizaliwa na tabo. Kiwanda kiliipa nguvu ya mzunguko ya takriban nyutoni mita 360. Tofauti kati ya 285 na 360 haionekani kubwa kwenye karatasi, ila ukiwa na mzigo unaisikia mgongoni.

Hata hivyo, yapo mambo matatu ambayo muuzaji wa injini hatakwambia. La kwanza ni beringi za rodi: 1HD-T za miaka ya mwanzo ya 1990 zinajulikana kwa kumaliza beringi hizo mapema, na zikimalizika injini inanoki na kutoboa bloku. Usiifunge injini ya mtumba kabla ya kufungua sampu na kubadilisha beringi zote kumi na mbili za rodi, hata kama muuzaji anakuapia kwamba ilitoka kwenye gari la mwalimu. La pili ni umeme: magari mengi ya HDJ81 (Land Cruiser zilizobeba 1HD-T) yaliyouzwa Japani yanawasha kwa volti 24, na gari lako ni la volti 12, kwa hivyo stata lazima ibadilishwe, na stata ya 1HZ yako inaingia. La tatu ni sampu na bomba lake la kunyonyea oili, ambavyo mara nyingi inabidi uvitoe kwenye 1HZ yako ndipo injini ikae sawa juu ya ekseli ya mbele.

Klachi nayo ilinyoosha mikono ndani ya wiki tatu. Weka hesabu yake tangu mwanzo.

---

Kiti_Kirefu

Mimi sina cha kusema juu ya pistoni. Ninauliza tu: gari lina tairi za ukubwa gani, na kwenye bodi kuna vyuma gani ambavyo si mzigo? Nimeona pikapu nyingi za 79 zikilalamikiwa kukosa nguvu huku zimebeba winchi, bampa la chuma, tairi mbili za akiba, tangi la pili la dizeli na keria ambayo haijawahi kubeba kitu. Hizo ni kilo 300 kabla hata ya kupakia kiazi kimoja.

Na kuhusu 1VD: ni injini nzuri ya kilowati 151, lakini inakuja na kompyuta, nyaya, na mfumo wa dizeli wa presha kubwa. Kwa milioni 15 utapata kuisogelea na kuipiga picha.

---

MpandaKitonga

Kiti_Kirefu umenikamata. Mwaka juzi nilifunga tairi za 315/75R16 badala ya 7.50R16 zilizokuja na gari, kwa sababu barabara ya shambani ina makorongo na pia, nikiri, kwa sababu zinapendeza. Bampa la chuma lipo. Keria ipo, na ni kweli haijabeba kitu tangu mazishi ya mjomba.

PampuNaNozeli, nimepima kompresheni leo asubuhi. Silinda tano zinakaribiana sana, ya sita ipo chini kidogo lakini si kwa kutisha. Filta ya hewa ilikuwa imejaa vumbi la Mikumi. Nozeli hazijawahi kubadilishwa tangu ninunue gari, na hilo ni miaka saba. Mkanda wa taimingi sijui ulibadilishwa lini.

Je, kwa hali hiyo bado kuna maana ya kufunga tabo kwenye injini hii, au nianze kutafuta 1HD-T kama ndugu wa Nakuru?

---

PampuNaNozeli

Mkuu, nusu ya ugonjwa wako umejieleza mwenyewe. Tairi ya 315/75R16 ni ndefu kuliko 7.50R16 kwa karibu asilimia 9, na hilo ni sawa na kubadilisha uwiano wa difu bila kujua. Kila gia uliyo nayo imekuwa ndefu zaidi, na msukumo unaofika barabarani umepungua kwa zaidi ya asilimia 8. Spidomita ikisema 80 wewe unakwenda 87, na hata zile kilomita 312,000 ni pungufu ya ukweli. Ile gia ya pili unayoilaumu Kitonga ilikusudiwa tairi nyingine. Weka hapo na nozeli za zamani ambazo hazipulizi ukungu bali zinadondosha matone, na filta iliyoziba, utaona kwamba unataka kuifunga tabo injini ambayo bado haijapewa nafasi ya kuonyesha uwezo wake.

Mkanda wa taimingi ambao hujui historia yake ubadilishwe wiki hii, na gari lisiende Dar es Salaam kabla ya hapo. Kwenye 1HZ ukikatika pistoni zinakutana na vali, na hapo mjadala huu wote unakuwa hauna maana. Kwa kawaida tunaubadilisha kila kilomita 100,000.

Kuhusu swali lako, mimi na ndugu wa Nakuru hatupingani sana kama inavyoonekana. Kama unataka kurudisha nguvu iliyopotea kwa sababu ya kimo na kuongeza kidogo, 1HZ yenye kompresheni kama uliyoieleza inaweza kuifanya kazi hiyo kwa bar 0.5, pampu iliyopimwa benchi, intakula, ekzosi ya inchi 3 kuanzia kwenye tabo hadi nyuma, na klachi nzito. Kama unataka kuvuta trela Kitonga bila kutazama geji, 1HZ si injini ya kazi hiyo na hakuna tabo itakayoibadilisha iwe. Hapo weka fedha kwenye 1HD-T, au ukiweza kuipata kwa bei ya haki, 1HD-FT yenye vali 24 ambayo inapumua vizuri zaidi.

Tofauti nyingine ni ya makaratasi. Ukifunga tabo, namba ya injini inabaki ileile. Ukibadilisha injini, namba iliyo kwenye kadi ya gari haitalingana tena na ile iliyogongwa kwenye bloku, kwa hiyo risiti na nyaraka za forodha za injini hiyo uzidai kwa muuzaji kabla ya kulipa, upeleke TRA (Mamlaka ya Mapato) kadi irekebishwe, na kampuni ya bima ijulishwe. Nimeona mtu analipa injini mara mbili kwa sababu ya kukosa karatasi moja.

---

Mlango_wa_Nyuma

Ninakubaliana naye juu ya tairi. Ningeongeza kwamba, iwapo barabara ya shambani inadai tairi ndefu kweli, badilisha meno ya difu, mbele na nyuma kwa pamoja, wala usiguse moja peke yake, maana ukiingiza gari kwenye magurudumu manne litavunja kitu siku hiyohiyo.

---

MpandaKitonga

Nimeshukuru sana. Nimeamua hivi: tairi za 7.50R16 zinarudi, keria inabaki nyumbani, mkanda wa taimingi na nozeli vinabadilishwa, halafu nitapanda Kitonga na mzigo wangu wa kawaida nikiwa na geji ya joto la ekzosi tayari imefungwa, hata kabla ya tabo, ili nijue injini inaanzia wapi. Baada ya hapo nitaamua juu ya tabo ndogo. Trela niliyo nayo nitaiuza; fedha yake itaingia kwenye pampu.

Swali la mwisho kwa fundi: kile kitambuzi cha joto kinatobolewa sehemu gani hasa ya manifoldi?

---

PampuNaNozeli

Pale ambapo njia za silinda zinakutana kabla ya flanji ya kufungia tabo, ili kisome mchanganyiko wa gesi za silinda zote na si za silinda moja. Ncha yake ifike katikati ya njia, isiguse ukuta. Manifoldi ishushwe kwanza, itobolewe ikiwa mezani, isafishwe kwa hewa ya kompresa na sumaku, ndipo irudishwe. Akitokea fundi wa kukuambia atatoboa ikiwa kwenye gari huku injini inanguruma ili moshi utoe chenga, mwambie asubiri siku ambayo hukufunga tabo, kwa sababu chenga moja ya chuma inatosha kung'oa ubawa wa feni ya tabo ambao huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika.